Mtutu Uliokataa Kuingia

Vijana mliobaki karakana mlinisukuma niandike, mkasema nisipoandika nitasahau. Mimi sisahau. Nipeni kitako cha bunduki niliyoitengeneza zamani, nifunge macho, na kwa kupapasa tu nitawaambia ilikuwa ya nani na ilikuwa inaumwa nini. Nimeacha kazi kwa sababu ya macho. Mikono bado iko, na akili ndiyo kwanza imekolea. Lakini ukichungulia ndani ya mitutu kila siku, tundu refu jeusi na mwanga mdogo mwishoni, hatimaye hata mke wako unamwona hivyo.

Sikusoma. Nilitoka darasa la tatu nikijua kuandika jina langu, Rajabu, na kujumlisha. Mengine yote nilijifundisha, pamoja na namna ya kujenga nyumba ya matofali pale Ntinda, ila nyumba si habari ya meza ya kazi, naiacha. Nilizaliwa kambi ya polisi Nsambya. Baba alikuwa koplo kutoka Arua, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya uani kwetu, maana kila mlango ulikuwa na kabila lake.

Nilianza kwa kufagia duka la bunduki mjini Kampala. Mwenye duka alikuwa Kalasinga mmoja mwenye ndevu nyeupe, watu wote walimwita Mistri. Siku ya kwanza, kabla hajanipa ufagio, aliniita mezani. Alikuwa amefungua bunduki ya marisau, ile ya mitutu miwili inayokunjika katikati, na vipande vitatu vimelala kwenye gunia.

"Bunduki iko wapi hapa?" akaniuliza.

Nikaonyesha vyote.

"Hapana. Hii kitako, mbao tu. Hii mwili, iko na triga. Hii mtutu. Bunduki iko wakati hizi tatu iko pamoja. Mbele ya hapo, mimi nauza chuma na kuni."

Hiyo haikuwa hekima, vijana, ilikuwa utaratibu wa duka. Kwa Mistri hakuna bunduki iliyolala nzima. Jioni tulizifungua zote: mitutu ikatundikwa ukutani, miili ikafungiwa sanduku la chuma, vitako vikapangwa chini ya kaunta kama kuni za kupikia. Mwizi akiingia, alisema, aondoke na kuni.

Baadaye alinifundisha kuoanisha mtutu na mwili. Hii nawaandikia polepole kwa sababu nimewaona mnavyofanya, mnagonga kwa nyundo. Chini ya mtutu wa bunduki ya kukunja kuna kulabu, na kulabu hiyo inashika pini iliyo ndani ya mwili, kama bawaba ya mlango. Bunduki nzuri zilioanishwa kwa mkono, kila mtutu na mwili wake, kama mtu na meno yake. Ukichukua mtutu wa bunduki nyingine, hata ya kiwanda hichohicho, haufungi. Sasa unafanyaje? Unawasha tadoba, ile taa ndogo ya mafuta, unaupitisha mtutu juu ya moshi mpaka uwe mweusi, unajaribu kufunga, unafungua, unatazama. Pale masizi yalipofutika ndipo chuma kinagusana. Hapo, na si pengine, unapitisha tupa. Kidogo. Unarudia moshi. Mistri alisema tupa inaondoa lakini hairudishi, nami nimeliona hilo kwa gharama za watu wengine.

Wateja wetu walikuwa watu wa kila taifa, na mimi nilikuwa na swali langu. Kila aliyeweka bunduki kaunta nilimuuliza: "Huko kwenu, mtu kama mimi angepataje bunduki?" Mtu kama mimi, yaani asiye na shamba, asiye na ndugu mkubwa, asiyeweza kujaza fomu bila kuuliza. Mistri aliniambia nisisumbue wateja. Wateja wenyewe walipenda. Mtu akishika bunduki anapenda kuulizwa jambo.

Mwalimu mmoja Mwingereza alisema kwao ningekwenda polisi, inspekta aje nyumbani atazame kabati langu na sura yangu, na kwa bunduki ya marisau asingenisumbua sana, ila nikitaka bastola angeninyima mpaka nizeeke. Mmisionari wa Kimarekani alisema kwao zamani bunduki ilikuja kwa posta kama kitabu cha nyimbo, kisha wakakaza. Hata hivyo kwao kinachoitwa bunduki ni ule mwili wenye namba. Mtutu ni chuma, unaagiza tu. Hilo lilinishangaza nikamrudisha mara mbili alirudie. Mswisi wa mashine za maziwa alisema kwao mwanaume akimaliza zamu yake jeshini anarudi nyumbani na bunduki ya serikali, anaiweka nyuma ya makoti. Nikamuuliza mke anasemaje. Akasema mke anafuta vumbi.

Mtanzania mmoja wa Bukoba alisema kwao kijijini ningeweza kuwa na gobore, ile ya kushindilia baruti kwenye mdomo wa mtutu, mradi viongozi wa kijiji wanijue. Mfanyabiashara wa Zaire akasema gobore kwao ni kibali na kodi, na asiyelipa anawinda kimyakimya. Mlinzi wa mbuga kutoka Kenya ndiye aliyenikatisha tamaa kabisa. Alisema kwao sheria inahesabu hata vipande: mtutu peke yake, mwili peke yake, kila kimoja ni silaha. "Wewe kwa hali yako," akaniambia, "hata ungeokota triga barabarani ungefungwa."

"Na hapa kwetu?" nikamuuliza Mistri siku hiyo.

"Hapa na Kenya sheria mama moja," akasema. "Mwingereza aliandika. Lakini wewe usijali. Wewe hutapata hata nzima."

Alisema kweli. Nimetengeneza bunduki maisha yangu yote na sijawahi kumiliki moja.

Kisha Wahindi wakafukuzwa. Mistri aliondoka na sanduku moja na kilemba chake. Uwanja wa ndege walikuwa wanapekua, kwa hiyo vyombo aliniachia: jiliwa, bisibisi, na tupa yake nyembamba ya Kijerumani yenye mpini aliouchonga kwa mkono. Aliniambia, "Wewe iko na mdomo mkubwa, lakini mkono yako ni ndogo, inasikia chuma. Tumia mkono." Duka likapewa mafutamingi mmoja, ndivyo tulivyowaita waliogawiwa mali, akalijaza sukari na magodoro, kisha akabaki na magodoro. Mimi nikahamisha meza yangu Kibuli, chini ya kilima cha msikiti, nikawa bwana wa nafsi yangu. Nikamlipa mchoraji aniandikie kibao, maneno nikatunga mimi:

RAJABU FUNDI BUNDUKI. HAKUNA KISICHOINGIA.

Na ilikuwa kweli! Kuanzia Kampala mpaka Nairobi hapakuwa na mtu wa kuoanisha mtutu kama mimi. Nisiposema mimi nani atasema?

Mteja wangu mkubwa miaka ile alikuwa Mkenya, Bwana Wekesa, mwenye bucha Kansanga. Mtu mrefu, mlokole, sauti kama ya tarumbeta, na ulimi usiojua kupumzika. Alikuwa na bunduki ya marisau yenye leseni, kwa ajili ya tumbili waliokuwa wakimaliza mahindi yake upande wa Ggaba. Mtutu wake ulikuwa umechakaa. Basi Wekesa akapata mtutu mwingine kwa mtu, mtutu peke yake, hauna mwili wala kitako, wa Kibelgiji, mzuri. Akautia kwenye kikapu juu ya majani ya migomba, akaweka mbavu za ng'ombe juu yake, akaanza safari ya kuniletea Kibuli niuoanishe na bunduki yake.

Njiani kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Wakaitaka ile nyama, wakaikuta na mfupa wa chuma.

Haya mengine nilisimuliwa na yeye mwenyewe. Wangeweza kumpiga na kumwachia. Lakini Wekesa akatoa leseni akaanza kueleza, na Wekesa akieleza huwezi kumzuia. Namba ya leseni ilikuwa ya bunduki iliyoko nyumbani, mtutu ulikuwa na namba yake. Wakamwambia: una bunduki ya pili, haina leseni, na wewe ni Mkenya. Siku zile redio ilikuwa ikitukana Kenya asubuhi na jioni. Akajitetea, "Hii si bunduki! Itakuwa bunduki ikifika kwa Rajabu. Yule huingiza mtutu wowote katika bunduki yoyote, ulizeni Kampala nzima!"

Alinisifu, maskini. Kwa hiyo wakaja kunichukua.

Jipu ya wanajeshi ikasimama mbele ya meza yangu kabla ya adhuhuri. Dereva akasoma kibao kwa kidole, herufi moja moja, akasema, "Ni wewe. Beba vyombo." Nilidhani ndiyo mwisho wangu. Nikambusu mwanangu aliyekuwa akicheza chini ya meza, nikabeba mfuko.

Walinipeleka kwenye nyumba moja waliyoigeuza kambi. Uani Wekesa alikuwa amekaa chini, hana viatu wala mkanda, jicho moja limevimba. Mbele yake meza, juu yake ule mtutu. Ukutani lundo la bunduki walizonyang'anya raia. Kando ya geti lilisimama gari dogo, buti la nyuma wazi, na vijana wawili wa miwani myeusi wameliegemea. Mtu wa Kampala wa wakati ule haelezwi buti wazi maana yake nini. Nyinyi mlio wadogo niwaambie: aliyeingia humo hakurudi.

Nyuma ya meza alikuwa meja, mtu wa makamo, mnene, mtulivu. Nilimwogopa zaidi kwa ule utulivu.

"Huyu mtu yako?"

"Mteja wangu, afande."

"Leseni iko sema bunduki moja. Hii iko na namba ingine." Akaugonga mtutu kwa ukucha, ukalia vizuri. "Sasa mimi nauliza. Hii kitu ni bunduki, ao si bunduki?"

Akaendelea, na nikaona jambo ambalo sikulitegemea: alikuwa anataka kujua kweli. Alikuwa ameinama mbele kama mimi ninavyoinama kaunta.

"Wewe umetengenezea wazungu wote. Huko kwao hii ni nini?"

"Afande, inategemea umesimama wapi. Amerika, mmisionari aliniambia, hiki ni chuma tu. Unaagiza."

"Umesikia!" Wekesa akapiga kelele kutoka chini.

"Nyamaza, Mkenya. Na Kenya?"

Swali hilo nilikuwa naliomba lisije. Lakini meja alikuwa ananitazama usoni, na pengine alikuwa analijua jibu. "Kenya," nikasema, "kila kipande ni silaha."

"Rajabu!" Wekesa akalia. "Sema ya Amerika tu!"

Wanajeshi wakacheka. Hata meja alitabasamu upande mmoja. "Kwa hivyo kwao nyumbani, huyu amekwisha fungwa. Na hapa Uganda?"

Nilikumbuka ya Mistri, sheria mama moja. Nikasema, "Hapa Uganda, afande, sheria unayo wewe."

Alilitafuna jibu hilo. Lilimwingia. Akasimama, akafunga mikono nyuma.

"Basi sheria yangu ni hii. Ile bunduki zote," akaonyesha lundo, "wewe utajaribu hii mtutu. Ikiingia hata katika moja, ni bunduki, na huyu anaenda na wale vijana. Ikikataa yote, ni bomba ya maji. Anaenda kuuza nyama."

Niliwaza: Wekesa amepona. Kila mtutu na mwili wake, nimewaambia. Nikachukua ya kwanza, kulabu haikufika hata kwenye pini. Ya pili hivyo hivyo. Nilijaribu za Kiingereza, za Kirusi, moja ya kienyeji iliyotengenezwa kwa bomba la kweli. Wanajeshi walichoka wakaanza kuvuta sigara. Wekesa alifumba macho, midomo inacheza, anaomba.

Kisha chini ya lundo nikashika Mbelgiji mwenzake.

Nilijua kabla sijajaribu. Kulabu ikashika pini kama mtu anayesalimiana na ndugu. Mtutu ukapanda, ukapanda, ukasimama, umebakiza unywele. Kifungo cha juu, kile kinachokaza mtutu, hakikurudi mahali pake. Jasho likaniingia machoni.

Meja akainama. "Imeingia."

"Haijaingia, afande. Tazama mwanga hapo katikati."

"Mwanga kama unywele." Akanyoosha mgongo. "Kibao yako inasema nini? Dereva amenisomea. Hakuna kitu haiingii. Na huyu Mkenya amesema hivyohivyo. Sasa unywele moja inakushinda?" Akaingiza mkono kwenye mfuko wangu mwenyewe akatoa tupa ya Mistri, akanipa upande wa mpini. "Kata."

Vijana, nisikilizeni sasa. Niliona mahali. Bila moshi, bila chochote, niliona: upande wa kulia wa kulabu, mgongoni, kidogo tu. Ningepitisha tupa mara chache ule mtutu ungejifunga kwa mlio ule tunaoupenda, kama mlango wa gari jipya. Mkono uliniwasha. Askari wote walikuwa wamesogea kutazama, na mimi napenda kutazamwa, sitaki kuwadanganya.

Nikaomba tadoba. Wakaleta. Nikaupaka moshi, nikafunga, nikafungua. Masizi yalifutika kulia, palepale nilipopajua. Nikaupangusa haraka kwa kitambaa, nikasema, "Inagusa kushoto," nikaanza kupiga tupa kushoto.

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kukosea ovyo mtu yeyote anaweza, lakini meja alikuwa ananitazama vidole, na alikuwa mtu wa bunduki tangu ujana. Ilibidi tupa iende sawa, mkono uwe wa fundi, jasho liwe la fundi, na chuma kinachotoka kiwe kile kisichohitajika. Nikajaribu: mwanga uleule. Nikapiga tena kushoto. Sasa mtutu ukaanza kucheza kwenye pini, na mwanga upande mmoja ukaongezeka.

"Inazidi," meja akasema.

"Inazidi, afande."

"Endelea."

Nikaendelea mpaka mwanga ukawa wa kupitisha njiti ya kiberiti. Nikaweka tupa chini.

"Siwezi, afande."

"Sema kwa nguvu, wasikie."

"Siwezi! Imenishinda."

Walicheka, wale vijana wa buti wakacheka zaidi ya wote. Mmoja akasema, "Fundi Siwezi!" na jina hilo likanifuata mpaka Kibuli. Meja peke yake hakucheka. Alisogeza uso karibu na wangu, akauliza kwa sauti ya chini, "Na yule Kalasinga yako ya duka ya mjini, aliyekufundisha. Yeye angeweza?"

Hapo ndipo aliponishika. Mimi kujitukana niliweza, ulimi wangu umesema mengi. Lakini Mistri alikuwa mbali, mahali penye baridi, hana wa kumsemea ila mimi. Nilitazama ule mpini aliouchonga. Nyuma yake niliona miguu ya Wekesa, mikubwa, michafu, haina viatu.

"Hata yeye asingeweza, afande. Ndiye aliyenifundisha vibaya."

Mpaka leo sijui meja alijua nini. Akaokota mtutu akanitupia. "Chukua bomba yako. Na kibao, teremsha leo. Mkenya! Vaa viatu."

Tuliondoka kwa miguu mimi na Wekesa, yeye hana kikapu, mimi na bomba begani ndani ya gunia. Hakusema neno mpaka tulipofika kwenye maduka ya Kansanga, na kwa Wekesa hiyo ni miujiza. Kisha akasimama akanishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamtoka kwenye jicho lililovimba.

"Fundi, Mungu ni mkubwa. Amekufunga mikono."

"Amenifunga," nikasema.

"Ungeweza, ningekufa."

"Ndiyo."

Akapangusa uso. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama ng'ombe aliyekonda. "Lakini Rajabu, kusema kweli, mimi nilidhani wewe ni fundi."

Ile bunduki yake ya tumbili aliipeleka Kisumu kwa fundi mwingine. Kwangu hakuileta tena. Aliniletea maini kila Jumamosi mpaka alipohamia kwao Bungoma, yaliyofungwa vizuri, bila malipo, na kila aliyeingia bucha alisimuliwa jinsi Mungu alivyomnyima Rajabu ufundi ili Wekesa aishi. Wanajeshi walinunua nyama hapohapo. Ningemwambia ukweli Jumatatu, kambi nzima ingeujua Jumanne, na lile buti lilikuwa bado wazi. Baadaye serikali ikaanguka, lakini yeye alikuwa ameshaondoka. Nasikia yu hai, anahubiri, na mimi ni sehemu ya ushuhuda wake.

Mtutu ninao. Uko Ntinda, umeshika pazia la dirisha la chumbani. Mke anafuta vumbi, kama mke wa Mswisi. Kwa sheria ya yule mmisionari mimi ni mtu mwenye fimbo ya pazia. Kwa sheria ya Kenya nifungwe. Kwa sheria ya meja ni bomba, na hukumu yake haijakatiwa rufaa.

Mkija kunitembelea, njooni na macho yenu mazuri na tadoba moja. Teremsheni pazia, mpake moshi mtazame kulabu. Upande wa kulia, mgongoni, mtaona mahali palipotakiwa tupa, pako kama palivyotoka kiwandani. Upande wa kushoto mtaona mistari yangu. Ihesabuni ilivyonyooka, yote sawa, yote ya urefu mmoja, hakuna hata mmoja uliotoka nje. Kisha mniambie kama huo ni mkono wa mtu asiyeweza.